Jinsi nilivyohamisha data kutoka kwenye diski iliyoanza kufa
Diski ya kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na sehemu zisizosomeka, na programu za kawaida za kunakili ziligoma kila zilipozifikia. Nilichomeka diski mpya yenye nafasi kubwa zaidi, nikawasha kompyuta kwa Linux (mfumo endeshi wa bure) kutoka kwenye flashi, kisha nikatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu kwenda kwenye diski nyingine, ambayo huchukua kwanza data inayosomeka kwa urahisi, huweka kumbukumbu ya mahali ilipokwama, na baadaye hurudi kuzijaribu sehemu mbovu. Majina ya diski unayoipa programu hiyo, ya zamani na mpya, yahakikiwe kwa makini sana, kwani yakigeuzwa, diski tupu huandikwa juu ya ile yenye data. Baada ya hapo niliitoa diski ya zamani, nikapanua patisheni (sehemu ya diski iliyotengewa data) kwenye diski mpya, na mfumo ukawaka.