Mtungi wa Gesi Nitauotaje?

Anayeijua Njombe ya mwezi wa Sita na wa Saba hahitaji kuelezwa baridi yake. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hushuka tangu jioni, na kule Kitulo nyasi huamka zimepigwa na sakitu. Majira hayo jiko la bibi yangu, la mafiga matatu, huwashwa alfajiri na halizimwi mpaka watu walale. Kupika huchukua sehemu ndogo ya muda huo. Saa zinazobaki watu huota moto.

Mwaka juzi tulimnunulia mtungi wa gesi. Alishukuru kwa dhati, akaufunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akawa anachemshia chai. Jioni nilimkuta amerudi kwenye kigoda chake jikoni, machozi yakimtoka kwa moshi wa kuni za miwati zilizokatwa wiki ileile, na nilipomuuliza akanijibu kwa upole: “Mjukuu wangu, mtungi huo nitauotaje?”

Swali hilo limekaa nami tangu siku hiyo. Mwaka 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Lakini jina lake lenyewe linaishia kwenye kupika. Kwetu nyanda za juu mtu anaweza kupikia gesi mwaka mzima na bado akavuta moshi uleule, kwa sababu kinachomweka jikoni ni baridi.

Kuni mbichi hupoteza joto lake jingi katika kukausha maji yaliyomo ndani yake, hivyo huungua nusunusu na kutoa moshi mzito wenye chembechembe zisizozidi maikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele takriban mara 30. Pua haiwezi kuzichuja. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu na kuuathiri moyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kila nikiikumbuka takwimu hiyo nayaona masizi ya kwenye miti ya paa la jiko la bibi, meusi yenye kung’aa kama lami, na ninajua kuwa moshi uliopaka miti ile ndio uliopita kifuani mwake miaka yote hiyo.

Mkaa nao wengi huudhani salama kwa kuwa hautoi moshi. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, hukalia nafasi ya oksijeni katika damu, na waliolala na jiko la mkaa chumbani huweza wasiamke kabisa.

Kwamba joto la nyumbani linaweza kusafishwa, mji wa Launceston, katika jimbo la Tasmania nchini Australia, umekwisha kuonyesha: kuanzia 2001 wakazi walisaidiwa kuacha majiko ya kuni na kutumia vipasha joto vya umeme, nyumba zenye majiko hayo zikashuka kutoka asilimia 66 hadi 30, na vifo vya wanaume vitokanavyo na maradhi ya moyo na ya kupumua vikapungua.

Bibi hawezi kulipia umeme wa namna hiyo, kwa hiyo tulianza na tulichokimudu. Tulipiga dari chumbani mwake, kwa kuwa chini ya mabati matupu joto halikai. Tukamjengea kibanda ambamo kuni hukauka miezi sita kabla ya kuguswa. Fundi akajenga jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Ningependa wanaopanga mikakati wazihesabu dari na mabomba hayo pamoja na mitungi. Moto bibi bado anauota, ila sasa anauota akiwa amekaa wima. Zamani aliinamia magoti, akikwepa moshi uliotanda juu ya kichwa chake.