Kamba ya mjomba

Juzi usiku pangaboi la sebuleni liligoma. Linanguruma, mapanga hayaendi. Kitinda mimba wangu akachukua fagio, akayasukuma kidogo kwa mpini, yakashika kasi. "Baba, kwa nini linasubiri lisukumwe?" Nikamjibu kapasita, kile kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza, imekufa, nitanunua nyingine. Lakini mawazo yalikuwa yameshafika Igogo, Mwanza, mwaka 1997, karakanani kwa mjomba.

Ile mashine yake ya kukereza, ya Kiingereza, ilikuwa na mota ya fezi 3, yaani inayotaka nyaya 3 za umeme kwa pamoja, volti 415, kilowati 2.2. Karakana ilikuwa na fezi moja tu, volti 230, na pesa ya kuvuta nyingine hatukuwa nayo. Nje alikaa mwenye boti wa Ukerewe, bushi ya shafti ya propela imelika, siku ya tatu hajaenda ziwani.

Mjomba akaifungua mota. Ndani, ncha 3 za koili zilikutana kwenye fundo moja, ile wanayoiita star, limezungushiwa utepe wa pamba uliokaushwa kwa vanishi. Akalifumua kwa ncha ya kisu cha samaki, polepole mno, akihofia waya usikatike. Akazitoa nje ncha zote 6, akaziunga delta, yaani kwa pembetatu, ili kila koili ipate karibu volti ileile iliyozoea.

Tulipowasha, ikanguruma tu. Fezi moja huivuta mota huku na huku, haiizungushi. Ikishapata mwendo, hapo inaendelea yenyewe. Kapasita za kuianzisha hatukuwa nazo. "Leta kamba," akasema.

Ilikuwa kamba ya katani. Niliizungusha kwenye puli mizunguko 4, naikumbuka ilivyonichoma viganja. Mjomba akashika swichi. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, puli ikaruka, naye akawasha. Ule mngurumo ukapanda, ukanyooka, ukawa sauti moja safi. Nilipiga kelele za furaha. Mjomba akavuta klachi, na kile kichwa cha kubania chuma, chenye meno 3, kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka kinyume.

Kamba nilikuwa nimeizungusha upande usio wake. Mota inayosukumwa hivyo haina upande wake, huenda ulikoisukuma. Na kichwa kile hukazwa kwa kuzungushwa kama kizibo cha chupa, kwa hiyo ukikiendesha kinyume kinajifungua. Niliona mwanya ukitokea nyuma yake, mwembamba kama sarafu, kisha upana wa kidole. Mjomba aliachia klachi kwa mkono mmoja, na ule mwingine akaunyoosha mbele ya kifua changu, akanirudisha nyuma bila kunitazama. Spindo, ule mhimili unaobeba kichwa, ilichelewa kusimama. Kichwa kikamaliza nyuzi zake, kikaanguka kwenye reli za mashine, kizito kama ndoo ya maji iliyojaa. Kilikwangua reli alama ya urefu wa kucha.

Hakunifokea. Alichukua chaki, akachora mshale kwenye puli, akanirudishia kamba ileile. "Haya, mjomba. Vuta."

Bushi ilikwisha kabla ya magharibi, kwa kukereza kidogokidogo, maana mota ya namna hiyo haitoi nguvu zake zote. Baadaye zilikuja kapasita na kamba ikatundikwa ukutani. Ile alama kwenye reli tuliisugua kwa tupa, haikutoka yote. Kwamba aliona mkono wangu ulivyozungusha kamba, au alijilaumu kwa kunipa bila kunielekeza, sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo.

Mwanangu alikuwa bado na fagio. Akazima swichi, akangoja mapanga yatulie, akawasha tena. Akayasukuma upande wa pili. Yakaenda. "Baba, tazama!" Nilikuwa nimeshanyanyuka kitini, mkono wangu umenyooka mbele ya kifua chake.