Nywila 71, programu moja ya bure na simu ya kuazima kule Wete

Kila nilipouliza watu hapa Unguja wanazitunza vipi nywila zao, jibu lilikuwa lile lile: "Shika moja tu, kila mahali ibadilishe mwisho wake." Yaani jina la mtoto, mwaka aliozaliwa, alama ya mshangao, kwa barua pepe ongeza B, kwa benki ongeza K. Ushauri huu unaniudhi mpaka leo. Kitovuti kimoja dhaifu kikiibiwa orodha ya wateja wake, mwizi anaichukua nywila yako na kuijaribu kwenye barua pepe, benki na mitandao yote kwa programu inayofanya kazi hiyo usiku kucha, na kubadilisha herufi ya mwisho ni miongoni mwa mambo ya mwanzo inayoyajaribu.

Nilipohesabu akaunti zangu nikapata 71. Hakuna kichwa cha kubeba nywila 71 tofauti, kwa hiyo nilitaka programu ya kunitunzia. Iwe bure, isiwe na kikomo cha idadi, ifanye kazi kwenye simu yangu ya Android na laptopu ya Windows kwa pamoja, na iniruhusu kuondoka na vyangu vyote siku nikitaka kuhama.

Masharti hayo tu yaliondoa majina mengi. LastPass tangu Machi 2021 inamtaka mtumiaji wa bure achague: kompyuta au simu, si vyote viwili. Halafu mwaka 2022 wezi waliingia wakaondoka na nakala za hifadhi za wateja, yaani makabati ya nywila zao. Nywila zilikuwa zimefungwa kwa usimbaji, zisisomeke bila ufunguo, lakini anwani za tovuti hazikufungwa. NordPass ya bure haina kikomo cha nywila, ila inataka kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Ile ya Google iliyomo ndani ya Chrome simkatazi mtu mwenye simu moja na basi. Tatizo lake ni kwamba mlango wake ni akaunti yenyewe ya Google: ikipotea hiyo, barua pepe na nywila zimeondoka kwa mpigo mmoja.

Nikaanza na KeePass, ambayo ipo tangu 2003 na haina seva ya mtu: nywila zote zinakaa kwenye faili moja lililofungwa. Kwenye laptopu nikaweka KeePassXC, kwenye simu KeePassDX, ambazo zote zinafungua faili la aina hiyo, na faili nikawa nalihamisha kwa kebo. Siku ya nne nilibadilisha nywila nne nikiwa na simu, jioni nikaongeza tatu kwenye laptopu, kisha nikalinakili faili la laptopu juu ya lile la simu. Zile nne zikafutika palepale. KeePassXC ina chaguo la kuunganisha mafaili mawili, linalochukua ingizo jipya zaidi kutoka kila upande, lakini inakubidi ulitumie kabla hujafuta nakala. Kwa mwenye kompyuta moja ningempa KeePassXC bila kusita. Kwa mtu wa vifaa viwili, anayefanya haraka, hapana.

Zikabaki Proton Pass, ya Uswisi, iliyotoka 2023, na Bitwarden ya 2016. Zote mbili ni za bure bila kikomo cha nywila wala vifaa. Nilichagua Bitwarden kwa sababu bure yake inaruhusu watu wawili kuchangia hifadhi, na mimi na mke wangu tuna akaunti za nyumba tunazozitumia pamoja. Kama hilo halikuhusu, Proton Pass itakufaa vilevile.

Sasa nywila kuu, ile moja unayoibeba kichwani. Mtu akichagua maneno mwenyewe anachagua bahari, karafuu, mama. Mimi nilichukua dadu ya ludo na kamusi. Arnold Reinhold alitoa mbinu ya dadu mwaka 1995 kwa orodha ya maneno 7,776. Mimi nimeigeuza hivi. Rusha mara tatu. Namba ya kwanza ipunguze 1, zidisha kwa 36. Ya pili ipunguze 1, zidisha kwa 6. Ya tatu iache ilivyo, kisha jumlisha. Ukipata 3, 5 na 2, ni 72 na 24 na 2, jumla 98. Kamusi ikiwa na kurasa zaidi ya 432, zidisha kwa 2: fungua ukurasa wa 196. Mrusho wa nne unakwambia ni neno la ngapi kutoka juu. Kila neno ni moja kati ya 1,296, na ukiwa na sita, michanganyiko inapita bilioni nne mara bilioni moja. Inatoka kitu kama bweta-kungu-tandabui-fuawe-mshipi-pazia (huu ni mfano, usiutumie). Neno likikuchukiza usilitupe, kwani ukishaanza kutupa umerudi kuchagua mwenyewe. Nywila yangu niliiandika mara kumi kwa siku kwa wiki moja, ikakaa kichwani.

Kuhamisha nywila kutoka Chrome ni kazi ya dakika tano. Ila faili la CSV linalotoka ni maandishi matupu anayoweza kuyasoma yeyote: usijitumie kwa WhatsApp, na ukimaliza lifute, kisha futa na kwenye pipa la taka la kompyuta.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kufanya jaribio la kupoteza simu. Nilikuwa Wete, Pemba, kwa kaka yangu. Simu yangu nikaizima, nikaazima ya mwanawe.

"Ami, unaitakia nini na yako unayo?"

"Chukulia yangu imeanguka baharini tukivuka."

Nikaandika nywila kuu, ikakubali, halafu Bitwarden ikasema kifaa hiki haikijui, imetuma namba kwenye barua pepe yangu. Ndivyo inavyofanya kama hujawasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya muda inayotakiwa juu ya nywila. Nywila ya barua pepe nilikuwa nimeibadilisha siku tano nyuma kuwa herufi 20 za kubahatisha, na ilikuwa ndani ya Bitwarden, hakuna pengine. Ufunguo umo ndani ya nyumba iliyofungwa. Kama simu ingekuwa imezama kweli, ningebaki nje ya akaunti zote 71.

Usiku uleule niliwasha simu yangu nikarekebisha. Barua pepe nikaipa nywila ya maneno matano ya dadu, ninayoijua kwa moyo. Nikawasha hatua mbili kwa programu ya Aegis, ambayo ni ya bure na hutoa namba hizo kwenye simu, na nakala yake iliyofungwa nikaiweka kwenye flashi. Msimbo wa kurejesha wa Bitwarden, wa kuingilia simu yenye namba hizo ikipotea, herufi 32, nikauandika kwenye karatasi pamoja na nywila zile mbili, nikailaminisha steshenari kwa elfu moja na kitu. Nakala moja ipo kwangu na hati za nyumba, nyingine ipo kwa kaka Wete ndani ya bahasha iliyogundishwa. Anayeiwinda barua pepe yangu yupo kwenye intaneti, hayumo ndani ya kabati la kaka. Jaribio la pili lilichukua dakika sita.

Matatizo mengine ni madogo. Simu nyingi za bei rahisi huiua programu ikiwa nyuma ili kuokoa betri, ukadhani kujaza nywila kumeharibika. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu Bitwarden bila vikwazo. Baadhi ya tovuti hukata nywila ndefu kimyakimya, unaweka 20 wanahifadhi 16, kesho huingii. Punguza iwe 14 ujaribu tena. Na ukifika kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa benki yako, programu ikanyamaza bila kukujazia nywila, usiinakili kwa mkono. Inalinganisha anwani, haiangalii rangi wala nembo. Soma anwani herufi kwa herufi.

Kila baada ya miezi mitatu natoa nakala ya hifadhi nzima. Bitwarden inakupa aina mbili za nakala iliyofungwa: moja inafunguka ndani ya akaunti ileile tu, kwa hiyo akaunti ikifutika haina faida, nyingine unaifunga kwa nywila yako na inaingia kwenye akaunti yoyote ya Bitwarden. Chukua hiyo ya pili.