Miaka 12 kwa kura moja

Goma, jioni

Akitajwa Julien Paluku Kahongya, watu wanaanza na miaka: gavana wa Kivu Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, 2007 hadi 2019. Wanasema alidumu, kana kwamba kudumu ni kipaji cha mtu. Mimi naona tuangalie kwanza kura.

Katiba ya Kongo ya 2006 iko wazi. Gavana hachaguliwi na raia. Anachaguliwa na wabunge wa jimbo, yeye na naibu wake kwenye orodha moja, kisha rais anamthibitisha kwa amri. Muhula ni miaka 5, na unarudiwa mara moja tu. Kwa hesabu hiyo mtu havuki miaka 10. Paluku, aliyewahi kuwa meya wa Beni, alifika 12 bila kuchaguliwa tena.

Chanzo ni bunge la jimbo lenyewe. Wabunge wale tuliwachagua tarehe 29 Oktoba 2006. Mwaka 2011 tulipiga kura ya rais na ya wabunge wa kitaifa, lakini ya jimbo haikuandaliwa mpaka Desemba 2018. Na kule Beni na Butembo, kwa sababu ya Ebola, ikangoja mpaka 31 Machi 2019. Bila bunge jipya, nani atamchagua gavana mpya? Aliyeko anabaki. Kijana wa miaka 18 aliyemchagua mbunge wake wa jimbo 2006 alikuwa ametimiza 30 aliporudi kwenye sanduku lile.

Njia ya kumtoa ilikuwepo: robo ya wabunge watie sahihi hoja, saa 48 zipite, kisha zaidi ya nusu ya wabunge wote waikubali. Ugumu uko kwenye ile robo. Jina likishaandikwa halifutiki, na mwenye jina ana safari zake, ndugu zake, kazi zake za kulinda.

Halafu ukaja mgawanyo wa 2015, majimbo 11 yakawa 26. Katanga ilikatwa vipande vinne, na kiti cha Moïse Katumbi, gavana tangu 2007 naye, kikatoweka pamoja na jimbo. Kivu Kaskazini haikuguswa, na Paluku akabaki.

Mwaka 2019 bunge jipya likamchagua Carly Nzanzu Kasivita. Mei 2021 ukatangazwa utawala wa kijeshi na jenerali akateuliwa kutoka Kinshasa. Kura ile ilikuwa imefanya kazi miaka miwili.