Megabaiti ya 1443

Mwaka 2016 nilikuwa na mashini iliyopenda kuganda saa nne usiku. Si saa tatu wala saa tano, ni saa nne. Nilifika mahali nikaanza kuamini kwamba ina jini lake. Ukweli ni kwamba saa nne ndiyo saa umeme ulikuwa unarudi mtaani kwetu Majengo baada ya delestaji (mgao wa umeme), ndipo nami nilipokaa kufanya kazi ya maana, na iliganda kwa sababu ilikuwa inatumiwa. Lakini mtu mwenye usingizi hafikiri hivyo.

Naiita mashini kwa sababu Goma sijamsikia mtu akisema kompyuta mpakato. Binamu yangu aliileta kutoka Kampala na kuniuzia dola 90, nyingine akaniambia nitammalizia nikipata kazi (hajawahi kunidai, Mungu amlinde). Ilikuwa ya mwaka 2008. Betri ilikufa kabisa, waya wa chaja ukiguswa tu na mbuzi au mtoto inazimika. Herufi M ilitaka kubonyezwa kama mtu anayeua kiroboto. Kati ya nafasi mbili za kuchomeka RAM, kumbukumbu ya muda ya mashini, moja ilikuwa haisomi kitu tangu siku naipokea, kwa hiyo ilikuwa inaishi kwa kipande kimoja cha gigabaiti 2.

Windows yake niliifuta mapema. Flashi zetu, au kle kama wengi tunavyosema, zilikuwa zinapita kwenye sekretariati za kuchapishia na kurudi na virusi vya kila kabila, na mwenzangu wa darasani aliniwekea Xubuntu 14.04, mfumo wa aina ya Linux. Nilikuwa mwaka wa tatu wa grada. TFC yangu, ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo, ilihusu maji ya kunywa mjini, na maneno "la ville de Goma" (mji wa Goma) yalikuwa yanatokea karibu kila ukurasa. Hayo maneno yakumbuke.

Kuganda kwenyewe kulikuwa hivi. Mshale wa mausi unasimama katikati ya sentensi. Kama kuna wimbo unapigwa, unabaki kwenye sauti moja, trrrrrr, kama mtu mwenye kigugumizi. Halafu taa ya Caps Lock inaanza kupepesa. Ukifika hapo hakuna funguo itakayokusaidia. Keneli yenyewe, kiini cha mfumo, imeanguka, na ile taa ndiyo njia pekee iliyobaki nayo ya kukuambia. Unashika kitufe cha kuzimia mpaka inyamaze, unaanza upya.

Nilienda kwa fundi mmoja mtaa wa Birere. Aliiwasha, akatazama skrini yangu ilivyo, akaguna.

"Yaya, hii Windows gani?"

"Si Windows. Ni Linux."

"Basi ndiyo shida yenyewe. Tutie Windows, itapona."

Nikakataa. Akasema basi ni diski, lete dola 40 akuwekee nyingine iliyotumika. Simlaumu, mashini ya miaka minane ikianza kusumbua, mara nyingi ni diski kweli. Lakini dola 40 sikuwa nazo, na umaskini unamfanya mtu apime kabla ya kununua. Nilirudi nyumbani nikaiuliza diski yenyewe kwa smartctl, programu ya kupima afya ya diski. Sekta zilizohamishwa: 0. Sekta zinazosubiri kuamuliwa: 0. Nikaipa jaribio refu, lile la kusoma diski yote mwanzo hadi mwisho, likamalizika bila kosa. Diski ilikuwa nzima kuliko mimi.

Nikahamia kwenye joto. Amri ya sensors ilinionyesha digrii 96 nikiwa nimefungua LibreOffice, programu ya kuandikia, na kurasa mbili tu za intaneti. Nani asingefikiri amempata mwizi? Niliifungua juu ya meza ya kulia chakula, skrubu nikizipanga kwenye sahani kwa mpangilio wa kutoka, mama akipita na kutikisa kichwa. Anayeishi Goma anajua vumbi letu: jeusi, la mawe ya volkano, jepesi, na linaingia hata ndani ya sabuni. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba palikuwa na kitu ambacho sikukiita vumbi tena. Kilikuwa blanketi. Nilikitoa kizima kwa kibano, kipande cha upana wa vidole viwili, kijivu na cheusi, kilichoshikana kama kitambaa cha sweta. Nikasafisha kwa mswaki mkuukuu, nikapaka pasta mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikafunga. Skrubu moja ilibaki sahanini. Sijui ilitoka wapi hadi leo.

Joto lilishuka hadi 71. Siku nne nzima haikuganda. Nilitembea chuoni kama daktari aliyemfufua mtu. Siku ya tano, saa nne usiku, trrrrrr, na ile taa.

Ubaya wa kutengeneza kitu kibovu kweli lakini si chenyewe ulichokuwa unatafuta ni huo: unapata nafuu kidogo, na nafuu inakuzuia kuendelea kutafuta. Nilipoteza wiki mbili nzima nikiishi na mashini inayoganda "kidogo tu", nikihifadhi kazi kila dakika na kunakili TFC kwenye flashi kila jioni. Wiki hizo mbili ndipo profesa anayeniongoza aliporudisha rasimu ya kwanza. Ukurasa wa 23 alikuwa ameweka duara jekundu kuzunguka "le ville de Goma". Nilijua niliandika la, maana kwa Kifaransa ville ni ya kike. Mtoto wa darasa la tano anajua ni la. Nikameza.

Kilichonifumbua macho ni nakala ya flashi. Usiku mmoja niliifungua, LibreOffice ikasema faili limeharibika, je ijaribu kulirekebisha? Faili lile lile kwenye diski lilifunguka vizuri. Nikanakili tena, nakala ya pili ilikuwa nzima. Flashi mbovu, nikasema. Nikaazima ya mdogo wangu, ikawa hivyo hivyo: mara nzima, mara mbovu.

Nilikuwa bado na lile faili la kusakinisha Xubuntu, karibu gigabaiti 1, na jumla yake ya md5 nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Ile jumla ni tarakimu na herufi 32 zinazotokana na yaliyomo kwenye faili. Ikibadilika nukta moja ndani, jumla yote inakuwa nyingine. Nikapiga md5sum. Ikalingana na daftari. Nikazima, nikawasha, nikapiga tena. Haikulingana. Nikawasha tena: ikalingana. Mara ya nne ikatoa jumla ambayo haikufanana na yoyote kati ya zile tatu.

Nilibaki nimekaa pale na ile sahani yenye skrubu moja. Faili halijaguswa na diski imeshahojiwa. Maana yake diski ilikuwa inasema neno moja kila mara, na anayesikiliza ndiye anasikia vibaya. Faili likisomwa linapitia kwenye RAM. La gigabaiti 1 ndani ya gigabaiti 2 linajaza karibu nusu ya vyumba vya RAM. Siku likipangiwa vyumba vizima, jumla inalingana, siku likipangiwa na kile kibovu, hailingani. Chumba hicho kikikaliwa na picha, rangi ya nukta moja inabadilika na hakuna atakayejua. Kikikaliwa na keneli, taa ya Caps Lock.

Dawa ya kupima nilikuwa nayo miaka yote. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashini ikiwashwa kabla ya mfumo kuamka, chini ya Xubuntu, palikuwa na mstari wa memtest86+, programu ya kupima RAM, ambao nilikuwa nauruka kila asubuhi kama mtu anavyoruka dimbwi la mlangoni kwake. Niliuchagua. Skrini ikawa ya bluu, namba zikaanza kukimbia. Jaribio linakwenda kwa awamu, na mashini ya aina ile inataka zaidi ya saa nzima kumaliza mzunguko mmoja. Ilipofika jaribio namba 5, umeme ukakatika. Betri, nilishakuambia habari zake.

Kesho yake nikaipeleka Birere, kwa kijana aliyekuwa anachaji simu za watu kwa jenereta. Simu zilikuwa zimepangwa kwenye ubao, kila moja na kikaratasi chenye namba, nyaya zikining'inia kama tumbo la ng'ombe. Akaitazama mashini yangu.

"Hii inakula sawa na simu tano."

"Tatu."

"Tano. Na jenereta ikizimika, usinidai kitu."

Nikalipa simu tano. Nikakaa kwenye kreti ya bia. Watoto wakaja mmoja mmoja wakidhani ni filamu. Mmoja aliuliza lini inaanza. Mwingine, aliyeonekana mjuzi, akawaeleza wenzake kwamba hiyo ni mechi na zile namba ndizo wachezaji. Dakika 40, hakuna kitu. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinapita zimebeba makaa, jenereta inakohoa, mimi namwomba Mungu mashini yangu iwe mbovu. Hapo ndipo unajua umefika pabaya.

Ilipofika jaribio namba 7, mstari mwekundu ukatokea. Halafu wa pili, wa tatu.

"Goli!" akapiga kelele yule mjuzi.

Nami nikapiga kelele naye. Nilitoa kalamu nikaandika mkononi, maana daftari niliisahau: 0005a3c4f18, megabaiti 1443.7, biti yenye kosa 00000004. Mizunguko miwili nilikaa pale, na makosa yote yalitokea ndani ya megabaiti ile ile ya 1443. Palipoandikwa 0, palisomwa 1. Biti moja, daima ile moja.

Kupata kipande kingine haikuwezekana. RAM yangu ilikuwa ya aina ya zamani, DDR2, na kila fundi wa Birere niliyemwendea alikuwa na DDR3. Kwa macho vinafanana, lakini ule mkato wa chini uko mahali pengine kidogo, hakiingii hata ukikibembeleza. DDR2 nilikuta kimoja tu, cha megabaiti 512, na hicho kingeibeba TFC yangu kama mtoto anavyobeba gunia la maharagwe.

Jibu lilikuwa ndani ya mashini, kwenye faili la /etc/default/grub. Katikati yake pana mstari wenye alama ya # mbele, unaoanza GRUB_BADRAM. Nilishauona mara nyingi bila kuuliza ni wa nini. Ukiuondolea alama na kuuwekea anwani, GRUB inamwambia keneli kabla hajaamka: hapa usikanyage. Inataka namba mbili, ya mahali na ya upana. Sikutaka kubana. Niliandika 0x5a300000,0xfff00000, yaani megabaiti 1443 nzima nikaitupa, mbovu pamoja na majirani zake wasio na hatia. Nikapiga sudo update-grub, nikawasha upya.

Nikapiga md5sum mara kumi, kila mara nikizima na kuwasha. Zote kumi zililingana na daftari.

Mama alikuja kuuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nilijaribu kumweleza: ndani kuna vyumba elfu mbili na kitu, kimoja kimeoza, hatukukitengeneza, tumeziba mlango tu. Akafikiri kidogo, akaelekeza kidevu dirishani.

"Sawa na ile kona."

Kona ya kiwanja chetu ina rundo la lava kimo cha mtu, lililokuja Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka. Baba alipojenga tena alijenga upande mwingine, na jiko akalisogeza. Kuku wanalala pale. Kuna siku mtu alikuja na nyundo kuomba kazi ya kulivunja auze mawe, mama akamtajia bei ndogo hivi kwamba hakurudi.

TFC niliimalizia kwenye mashini ile ile bila kuganda hata mara moja. Lakini lile duara jekundu la ukurasa wa 23 lilikuwa bado linaniuma, na usiku mmoja nikapiga hesabu. Ndani ya kompyuta herufi a ni 97. Herufi e ni 101. Tofauti yake ni 4, biti ile ile moja niliyoiandika mkononi. Ukisoma 1 mahali pa 0 pale, a inakuwa e, na la inakuwa le.

Nilienda ofisini kwa profesa na rasimu pamoja na karatasi yenye hesabu.

"Prof, samahani. Hili kosa la ukurasa wa 23 si langu."

"Ni la nani?"

"La mashini."

Nikamweleza yote, 97 na 101, megabaiti na biti, sentensi ya Kifaransa iliyopita kwenye chumba kibovu ikatoka imebadilishwa jinsia. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Alichukua rasimu, akalowesha kidole, akaanza kufunua kurasa moja baada ya nyingine akihesabu miduara kwa sauti ya chini, akafika mwisho, akavua miwani.

"Sawa. Hili moja ni la mashini. Na haya mengine kumi na matatu?"