Nikianguka barabara ya Tom Mboya, nani atawaambia niko kwa warfarin?

Sisi watu wa warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, tuko na kile kijitabu. Kama umewahi kukalia benchi ya kliniki unakijua, kurasa zake ni tarehe, INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda), dozi, tarehe ya kurudi, halafu sahihi ambayo hakuna mtu amewahi kuisoma. Changu nimekifunika na naironi. Na ukiuliza watu wa hiyo benchi wanakiweka wapi siku zingine zote utasikia nyumbani, kwa droo, juu ya kabati ndani ya bahasha ya eksirei, ili kisiloe, kisipotee, watoto wasichore. Kwa hivyo ile karatasi moja inayosema damu yangu iko aje inalala Kasarani, na mimi mwenyewe niko Tom Mboya saa kumi na mbili jioni nang'ang'ania matatu.

Hiyo kitu imenikaa kichwani tangu kliniki ya mwisho. Nesi alikuwa anatuongelesha sisi wote, akasema nyinyi mkiletwa hapa mkiongea sina wasiwasi, wasiwasi wangu ni mkiletwa mmenyamaza. Watu wakacheka kidogo. Mimi nikaanza kufikiria barabara.

Mwenye hanijui, nina valvu ya chuma kwa moyo, yaani mlango wa kupitisha damu, ule unaoitwa mitral, mabaki ya homa ya rumatiki ya utotoni. Yaani koo inauma ukiwa shule ya msingi, unasukutua maji ya chumvi, inaisha, kumbe haikuisha. Usiku nyumba ikitulia unaisikia, tik tik tik, mtoto wa dadangu huniita Anti Saa. Sasa valvu ya chuma damu hupenda kuigandia, na donge likitoka hapo linaweza kupanda kichwani, ndio maana warfarin kwangu ni ya maisha. Zile dawa mpya ambazo hazitaki kupimwapimwa si zetu, dabigatran ilijaribiwa kwa watu wa valvu kama hizi na utafiti ukasimamishwa mapema, matokeo yakatoka 2013, walikuwa wanaganda zaidi na wanatoka damu zaidi. Basi tunabaki na dawa ya wazee. Mtu wa kawaida INR yake ni kama 1, yangu inatakiwa icheze kati ya 2.5 na 3.5, ikishuka naogopa donge, ikipanda naogopa kuvuja, na katikati hapo kuna sukuma wiki, ambayo vitamini K yake inapigana na dawa, kwa hivyo siruhusiwi kuiacha wala kuizidisha ghafla, nile tu kipimo kile kile kila wiki.

Jirani yangu akisikia jina la dawa huniambia si hiyo ni ya panya. Ni kweli bwana. Ilianza kuuzwa Marekani kama sumu ya panya 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu 1954, na mwaka uliofuata rais wao Eisenhower akapewa baada ya mshtuko wa moyo. Panya, rais, na mimi. Sioni shida na hiyo kampani.

Turudi barabarani. Boda inateleza pale Roysambu, unaanguka, kichwa kinagusa lami kidogo tu, hakuna damu, unajipangusa vumbi unasema niko sawa. Mwingine kweli yuko sawa. Mtu wa warfarin anaweza kuwa anavuja ndani ya fuvu polepole huku anaongea vizuri na kulipa nauli, anafika nyumbani, kichwa kinaanza kuuma usiku, asubuhi anaitwa haitiki. Ndio maana sisi tukigonga kichwa tunaambiwa twende tupigwe skani hata kama tunajisikia poa. Lakini skani inaagizwa na mtu anayejua. Ama chukulia umezimia kwa uchungu ukapewa sindano ya matako, ile diclofenac ambayo Nairobi inagawanywa kama njugu, kwa mwingine ni sindano tu, kwetu msuli unaweza kujaa damu na dawa yenyewe inachokonoa tumbo. Hata antibiotiki za kawaida, Flagyl inapandisha INR. Septrin pia. Na ukiletwa na stroke, daktari anayetaka kukupa ile dawa ya kuyeyusha donge lazima ajue kama uko kwa warfarin, maana INR ikipita 1.7 hiyo dawa hupewi.

Halafu kuna upande wa pili ambao mimi huuogopa zaidi, na sijui kwa nini watu hawauongelei. Wakijua niko kwa warfarin lakini hawajui kuna valvu. Mtu akivuja vibaya atapewa vitamini K na plazima ili dawa ifutwe, na hiyo ni sawa kabisa, uhai kwanza. Ila wakijua kuna chuma ndani watapima ni vitamini K kiasi gani, na wataanza kuhesabu lini nirudishiwe dawa, kwa sababu valvu bila warfarin nayo inaganda. Neno moja halitoshi. Yanatakiwa mawili.

Kakangu aliniambia mbona unajisumbua, kovu si litaongea. Kovu liko, kutoka hapa chini ya koo hadi karibu na tumbo. Lakini kovu linasema nilipasuliwa, halisemi niliwekewa nini na nameza nini, na pili, ni nani atamfungua mwanamke blauzi katikati ya barabara? Watanifunika leso, wanishikilie heshima yangu, na nashukuru, lakini kovu litakuwa chini ya leso.

Na simu? Simu nimeweka, usidhani sijaweka. Android na iPhone zote zina mahali pa kujaza habari za dharura na mtu akazisoma bila kujua neno la siri, dakika chache tu na ni bure, jaza hata kama huna ugonjwa. Lakini tuongee ukweli kama watu wa Nairobi. Ajali ikitokea hapa, watu wanaokuokoa ni wengi na ni wazuri, watakuinua na mikono yao wakutie kwa Probox ya mtu ambaye hajakuuliza hata pesa ya mafuta. Ambulensi zipo, 1199 ya Red Cross ninayo, lakini mara nyingi Probox inafika kwanza. Shida ni kwamba kati ya hao wazuri kuna mmoja, na huyo mmoja ana mikono myepesi, na simu ndiyo ya kwanza kwenda, kipochi kinafuata na kadi yangu ya dawa ikiwa humo kati ya kitambulisho na ile kadi ya NHIF, bima ya zamani, ambayo haina kazi tena. Unafika kasualti huna jina. Unaandikwa mwanamke asiyejulikana.

Kwa hivyo hiyo habari lazima iwe mwilini, na lazima isivutie. Hapo ndipo nimefika baada ya kufikiria sana. Ukisoma mtandaoni watakuonyesha bangili za fedha nzuri, na hiyo hadithi yenyewe ilianzia kwa bangili. Kule California, mji unaitwa Turlock, 1953, binti wa daktari anaitwa Linda Collins alijikata, akapewa kipimo kidogo tu cha dawa ya pepopunda na karibu afe, mwili haukuitaka. Wazazi wake wakaanza kuhakikisha anatembea na maandishi, na 1956 wakaanzisha MedicAlert, shirika la hizo bangili. Wazo zuri mno. Lakini fedha inayometameta mkononi, steji ya Muthurwa, hapana. Mimi nilitaka chuma cha pua, kisichouzika.

Nikaenda kwa fundi mmoja huko River Road, wale wa mihuri, makombe na vibao vya milango. Kaduka ka upana wa kitanda, mashine yake ina sindano inayochora huku inalia kama nyuki na yeye anapuliza unga wa chuma na mdomo bila kuangalia uko wapi, ukikufikia kwa macho basi. Aliuliza kama ni ya jeshi. Nikamwambia ni ya dawa. Akaandika kwanza kwa karatasi tuone nafasi, akaandika WAFARINI, nikamshukia hapo hapo herufi kwa herufi, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu isiyo na mchezo. Nilitaka pia ile fimbo yenye nyoka, alama ya udaktari, maana wahudumu wa dharura wamefundishwa kuiangalia kwa mkono na kwa shingo. Akanitazama. Mama, nyoka? Kanisani watasema nini? Tukabishana, nikashinda, na kweli Jumapili mama mmoja aliniuliza polepole kama niko salama.

Cha kuandika ndicho kilinichosha. Kibao ni kidogo. Kundi la damu nilikataa, hospitali haiwezi kuniongezea damu kwa kuamini bangili, watapima wenyewe, hiyo nafasi ni ya bure. Dozi nilikataa, inabadilika. INR ndio kabisa. Mbele kuna jina langu la kwanza, WARFARIN, na kwamba nina valvu ya mitral ya chuma. Nyuma namba mbili za simu, ya mume wangu na ya dadangu, kwa sababu mume wangu simu ikiisha chaji yeye naye ameisha. Mia tano yote. Mkanda ni wa ngozi, nilishonewa Kariokor, na hapo sipendi vile unanuka nikifua, nitatafuta mnyororo.

Kwa matatu watu hawaulizi sana. Wakiuliza nasema dawa ya moyo, mazungumzo yanaisha ama yanahamia kwa presha ya mama yao.

Wale wa dawa mpya, rivaroxaban na apixaban, msidhani haya ni ya sisi wa zamani. Mimi nikifika nimezimia angalau INR ikipimwa itanisema. Yenu INR inaweza kutoka karibu ya kawaida na bado damu haigandi vizuri. Nyinyi hata zaidi.

Sasa kuna dada tunayekutana naye kwa benchi, ameona bangili akaipenda, anataka nimpeleke kwa fundi. Shida yake ni moja, ameolewa juzi na kwa kina mume hawajaambiwa habari ya valvu, na mama mkwe yuko kwao mwezi huu. Warfarin na ujauzito ni hadithi nzito, dawa inaweza kumdhuru mtoto, kwa hivyo hiyo familia ikijua leo maswali yatakuwa mengi kesho. Anataka kibao chenye namba ya simu tu. Nimemwambia namba ya simu haijui kuzuia sindano. Tukapiga hesabu pale pale, tukaona aandikiwe yote upande wa nyuma, unaolala kwa ngozi, na mbele iwe nyoka pekee, mhudumu akiiona atageuza. Anaogopa nyoka kuliko mama mkwe. Tumepanga kuonana Alhamisi, pale Ambassador mjini, saa nne.