Sensa ya krenki kwenye D-Max ya dizeli: nilivyoipata nyuma ya stata na kuibadilisha

Ndugu zangu wenye pikapu za dizeli, hii naandika kwa ajili ya yule ambaye gari yake inazima ikishapata moto halafu ikipoa inawaka bila shida yoyote, maana mimi imenisumbua sana na nimeshaona watu wakitolewa pesa za pampu kwa ugonjwa ambao ni sensa ya krenki tu, yaani ya ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni. Gari yenyewe ni Isuzu D-Max, injini 4JJ1 ya 3.0, kazi yake kutoa mananasi na maembe huku Magarini kupeleka soko la Kongowea, Mombasa, kwa hiyo inabeba mzigo, inakula joto, na hii hewa ya chumvi ya pwani haiachi waya salama.

Ilivyokuwa ni hivi, natoka vizuri, Kilifi napita, nikikaribia Vipingo inakata. Haikohoi wala haipungui nguvu, inakata mara moja kama mtu amezima swichi. Hilo mlishike sana, kwa sababu dizeli ikikosa kufika, iwe filta imeziba au laini inavuta hewa, gari kwanza inaanza kuwa nzito, inatetemeka, inajikokota ndio izime. Yangu ilikuwa inatembea vizuri na papo hapo imekufa. Ukipiga stata inazunguka kwa nguvu zote, betri iko sawa, lakini haiwaki, na ukimwambia mtu aangalie ekzosi hakuna hata moshi kidogo, yaani dizeli haipulizwi kabisa kule ndani. Ukifungua boneti ukaiacha ipoe, inawaka.

Fundi wa kwanza alisema pampu, akataka aishushe na injekta zote (zile za kupuliza dizeli ndani ya injini) zipelekwe zikapimwe. Nikakataa. Pampu ya komoni reli, yaani hii ya dizeli ya presha kubwa, bei yake mnaijua, huwezi kuibadilisha kwa kubahatisha. Nikatafuta kile kimashine kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya dashibodi halafu unasoma kwenye simu, kikatoa P0335, maana yake kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haipati habari kutoka sensa ya krenki. Lakini namba peke yake haitoshi jamani, waya ikikatika pia italeta namba hiyo hiyo, kwa hiyo nikangoja izime tena ikiwa na moto, nikafungua sehemu ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye simu nikamwambia utingo apige stata. Injini naisikia inazunguka, simu inasema 0. Ilipopoa tukapiga tena, ikaonyesha 200 na kitu, ikawaka.

Kwa asiyejua, hii sensa kazi yake ni kuiambia kontroli boksi pistoni ziko wapi na krenki inazunguka kwa kasi gani. Kwenye hizi 4JJ1 krenki ina duara lenye mapengo 56, moja kila digrii 6, halafu kuna sehemu ya digrii 30 imeachwa tupu, na hapo ndipo boksi linajua pistoni imefika juu. Bila hiyo habari boksi halijui lifungue injekta saa ngapi, kwa hiyo halifungui kabisa. Na sensa ikizeeka ndani inakuwa inashindwa ikipata joto tu, baridi inafanya kazi vizuri, ndio maana gari inapelekwa gereji asubuhi na fundi anakwambia haina kitu.

Sasa kuipata. Wengi wanaangalia juu, wanaona sensa kwenye silinda hedi karibu na gia ya kamu, wanatoa hiyo. Ile ni ya kamu, ule mhimili wa kufungua valvu. Ya krenki iko chini, upande wa kushoto wa bloku, nyuma ya stata, yaani upande wa abiria kwa magari yetu. Kutoka juu huioni, intake (njia ya hewa ya kuingia injini) imefunika, na kwa chini nilikuwa naigusa kwa ncha za vidole tu, spana haizunguki, kwa hiyo nikaamua stata itoke. Ukifanya hivyo toa kwanza terminali ya negativu kwenye betri, tafadhali, ule waya mnene wa stata una umeme muda wote na ukigusana na bodi mtapata hasara nyingine. Weka gari kwenye stendi, usilale chini ya jeki peke yake.

Stata ikitoka sensa unaiona vizuri, imeshikwa na bolti moja. Kabla ya kuifungua nilipima waya: plagi ya waya za sensa imetolewa, swichi imewashwa, mita ikasoma volti 5 kwenye waya wa kuleta, na waya wa ethi uko sawa. (Kwa kipimo hiki betri inarudishwa kidogo, na ule waya wa stata nilikuwa nimeufunga na tepu vizuri.) Nikazitikisa zile waya huku naangalia mita, haikucheza. Nikasafisha eneo lote kwa brashi na petroli ili mchanga usiingie kwenye tundu, nikatoa bolti, na hapo ndipo subira inatakiwa, kwa sababu ile oringi, raba ya kuziba, ilikuwa imekauka na kushikana na bloku. Usiibenue na bisibisi, plastiki itavunjika na kipande kibaki ndani. Nilipulizia dawa ya kutoa kutu, nikawa naizungusha kushoto kulia kidogo kidogo mpaka ikalegea. Ilipotoka, kwenye ncha kulikuwa na unga mweusi wa chuma, na plastiki karibu na plagi ina nyufa nyembamba kama nywele, ndani ya plagi mafuta yameshaingia.

Dukani nenda na ile ya zamani mkononi, mlinganishe urefu wa ncha, plagi na namba. Mimi nilionyeshwa moja ya bei ya chini sana ambayo ncha yake ilikuwa fupi kidogo kwa macho tu, nikaiacha, kwa sababu sensa ikiwa mbali na lile duara haisomi vizuri. Nilichukua orijino, na haikufika hata robo ya pesa ya ile pampu niliyotakiwa nilipe.

Kurudisha ni rahisi, oringi mpya unaipaka oili, sensa inasukumwa kwa mkono mpaka ikae yote, bolti inakazwa ya kutosha tu, plagi mpaka isikike inalia, halafu waya ifungwe mbali na kitu chochote cha moto. Nikafuta ile P0335, ikawaka hapo hapo, na tangu siku hiyo napita Vipingo na mzigo kamili mchana wa jua kali. Wenye 2.5 ya 4JK1, yenu iko hapo hapo nyuma ya stata, ila wenye Hilux na Ranger msifuate maelezo haya ya mahali ilipo, tafuteni ya injini yenu. Kile kipimo cha RPM wakati wa kupiga stata ndio fanyeni wote, kabla mtu hajagusa pampu.